Fyuzi ya Sita

Tela la baba limelala Njiro
tangu masika yalipoanza, nyuma ya gereji,
magurudumu yamezama tope hadi kwenye nati.
Wageni wanashuka KIA Jumatatu.
Leo Ijumaa. Nabonyeza swichi ya mlangoni:
kimya.
Nabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua haina watu.

Baba hakuwa na pupa.
Nansia, alisema, umeme hauna siri, una njia;
shika njia, usishike hasira.

Basi betri kwanza. Natoa mfuniko: kutu ya kijani
imeota vichwani kama ukungu wa mkate.
Napangusa kwa magadi na mswaki wa zamani.
Mita inasoma nane nukta moja.
Betri ya volti kumi na mbili ikisoma nane
haijalala. Imezimia.

Namshuku panya. Namulika chini ya kitanda:
kinyesi kikavu, sponji ya godoro iliyotafunwa,
lakini nyaya nzima zote, zimefungwa kwa mkono wake,
kila shubiri moja, kwa kamba za viatu.

Naazima betri ya Noah kwa Mama Kundaeli.
Anauliza kama itarudi hai.
Itarudi na salamu, namwambia.
Nachomoa waya hasi, mita naiweka katikati,
kila swichi nimeizima, nimerudia kuzizima,
na bado namba imesimama palepale:
miliampu mia sita na arobaini.
Kuna kitu humu kinakunywa.

Fyuzi kwa fyuzi. Kila moja ina kibandiko,
mwandiko wake uliolalia kushoto.
TAA. Nachomoa; namba haitikisiki.
PAMPU. Wapi!
FRIJI. Inashuka saba, labda nane, halafu basi.
REDIO. FENI.
Ya sita imeandikwa USIGUSE.

Nakaa juu ya ndoo.
Nje, Mlima Meru umejifunika gubigubi,
baridi ya Juni inapenya soksi.
Miezi minne tangu tumzike, na bado ananiamuru.
Nachomoa.
Sifuri.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni.
Hiki kilikuwa ukutani. Naufuata waya:
nyuma ya kabati, chini ya sinki,
unatokea tunduni, umezibwa kwa gundi nadhifu,
unaambaa na ua, unaingia kibanda cha mlinzi.

Lemburis anatoka, simu mkononi,
kebo ya chaji inaning'inia.
"Taa ya mzee imezimika," ananiambia.
Ilikufa wiki ya Pasaka, anasema; leo ikawaka yenyewe,
akamshukuru Mungu, na sasa tena, giza.
Balbu yenyewe ndogo kama ndimu, haina swichi.
Mzee alimvutia baada ya usiku ule wa vibaka,
mwaka juzi, na haikuwahi kufifia, anaapa,
hata masika yaliyopita, yale yaliyobeba daraja.

Nataka kumfokea. Betri mpya ni laki nne na nusu,
na sina hata ya nusu.
Nainua macho nitafute neno la kuanzia.

Sola ya baba iko juu ya paa,
chini ya turubai la buluu
nililolifunga mwenyewe mwezi wa tatu,
fundo juu ya fundo, nikijisifu kwamba natunza mali.
Jua lilikuja kila lilipopata mwanya.
Lilimkuta mwenye nyumba kafunga.

Lemburis anashika ngazi, nakata kamba.
Maji ya miezi mitatu yanamshukia shingoni;
anatukana kwa Kimaasai, kisha anaomba radhi
bila kusema anamwomba nani.

Betri haitapona. Nitakopa, nitajua Jumatatu.
Ya sita nairudisha kwenye tundu lake.
Kibandiko kimebanduka pembeni,
nakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kishike.
Kesho nitamletea swichi.